Jinsi ya kuchota tope la mlango wa mto upime metali nzito (na majibu yawe na maana)

Kila mto Nyamwamba ukifurika hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, watu wanaanza kuuliza kama maji yana sumu, mtu anachota chupa moja anapeleka labu, majibu yanarudi safi basi kila mtu anatulia. Lakini shaba, risasi, kadimiamu na wenzao hawakai sana kwenye maji, wanang'ang'ania chembe laini za udongo wanazama nazo, kwa hiyo pima tope. Kumbuka kwenye mgodi wa Kilembe, juu ya mto huu, walichimba shaba kuanzia 1956 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80, mabaki yakaachwa bondeni, na mto unayamega taratibu kuyapeleka Ziwa George.

Kule Pwani mto ukikutana na maji ya chumvi chembe laini zinagandana, zinakuwa nzito, zinatua hapohapo mlangoni. Sisi huku chumvi ya bahari hatuna, ila maji yakifika ziwani yanapoteza kasi na mafunjo yanayazuia, tope linatua vilevile.

Kwanza kabisa panga sehemu za kuchota, na hii ndo watu wengi wanairuka. Lazima upate tope la juu ya mgodi, kabla mto haujagusa mabaki, sababu miamba ya milimani ina shaba yake ya asili na bila hiyo ya kulinganisha namba zako hazikuambii kitu. Halafu chukua sehemu kadhaa chini ya mgodi, na mlangoni. Ukikaribia ziwa omba ruhusa, maana upande mkubwa uko ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na uende na mvuvi wa mwalo anayejua viboko wanapita wapi. Viboko hawana habari na utafiti wako.

Chota kwa kijiko au kopo la plastiki. Sepetu ya chuma acha nyumbani, na ndoo ya bati usiguse kabisa kwa vile imepakwa zinki, utapima ndoo badala ya mto. Vua pete pia. Tafuta palipotulia penye tope laini, sio mchanga, chukua sentimita chache za juu kama unataka uchafu wa karibuni (ukitaka wa zamani zamisha bomba la PVC utoe tope likiwa zima kwa tabaka zake), chota mara kadhaa ndani ya mita chache, changanya kwenye beseni la plastiki, tia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) safi, funga bila hewa, andika jina la sehemu na tarehe kwa nje, weka kwenye boksi la barafu.

Kukausha tumia joto dogo, na kama unatafuta zebaki usizidishe nyuzi 40 maana inaruka hewani. Kisha chekecha kwa chekeche la nailoni la mikroni 63. Yale ya brasi yanauzwa sana ila brasi ni shaba na zinki, unaona shida! Kuyeyusha kwa asidi waachie labu, iwe ya chuo au ile ya serikali pale Wandegeya, Kampala, usijaribu jikoni. Waambie unataka miligramu kwa kilo ya tope kavu na wapime aluminiamu pia.

Aluminiamu ya nini? Tope lenye udongo laini mwingi hubeba metali nyingi hata kama hakuna mgodi, kwa hiyo gawanya shaba kwa aluminiamu kila sehemu ndo ulinganishe na kule juu. Kuna pia mipaka inayotumika sana kwa tope la mito na maziwa yasiyo na chumvi, kwa miligramu kwa kilo: shaba chini ya 31.6 wadudu wa tope kwa kawaida hawadhuriki, ikipita 149 madhara yanatarajiwa, risasi ni 35.8 na 128, zinki 121 na 459. Katikati hapo huwezi kusema kwa uhakika, chunguza wadudu wenyewe.

Na namba zikiwa kubwa usikimbilie kudai tope lichimbuliwe. Kule chini hakuna oksijeni, metali nyingi zimefungwa na salfa, ukilikoroga zinapata hewa zinayeyuka kurudi majini. Kama kaunsili wanaleta greda kusafisha mto, waulize mapema tope lenyewe watalimwaga wapi.