Kuanzisha uthibitishaji upande wa seva kwa Cyrus SASL

Anayeandika seva ya barua pepe hana haja ya kujitungia utaratibu wa kumtambua mteja, kwani SASL, kiwango cha uthibitishaji kilichoelezwa katika waraka wa RFC 4422 wa mwaka 2006, kimeshaupanga, na maktaba ya Cyrus SASL inautekeleza kwa lugha ya C.

Programu inapoanza, ita `sasl_server_init` mara moja tu. Kisha kwa kila mteja anayeunganishwa ita `sasl_server_new`, ukitaja huduma kuwa `smtp`, yaani itifaki ya kutuma barua pepe. Muunganisho ukishalindwa na TLS, itifaki inayousimba, iarifu maktaba kupitia `SASL_SSF_EXTERNAL`, kipimo cha nguvu ya ulinzi huo wa nje. Usipofanya hivyo, nayo maktaba imewekewa `SASL_SEC_NOPLAINTEXT`, sharti la kukataa nenosiri lisilosimbwa, PLAIN (mbinu ya kutuma jina na nenosiri bila kuvisimba) haitaonekana katika orodha ya mbinu unayomtangazia mteja, nawe utatafuta kosa mahali lisipo.

Mteja akichagua mbinu, ita `sasl_server_start`. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo seva nyingi zinapokosea. Mteja anaweza kutuma `AUTH PLAIN` peke yake, yaani hajasema chochote bado, au `AUTH EXTERNAL =` (EXTERNAL ni mbinu inayotegemea utambulisho uliofanyika nje ya SASL, kama cheti cha TLS), ambapo alama ya usawa ina maana kwamba amejibu, ila jibu lake ni tupu. Katika hali ya kwanza ipe maktaba `NULL`; katika ya pili ipe mfuatano mtupu wenye urefu wa 0. Ukiipa maktaba mfuatano mtupu kwa niaba ya mteja wa PLAIN aliyenyamaza, itausoma kama jibu lililoharibika na kumkataa kabla hajapata nafasi ya kutaja nenosiri.

Ikirudi `SASL_CONTINUE`, mwandikie mteja 334, msimbo wa SMTP wa kumtaka aendelee, na data ya seva kwa Base64 (usimbaji wa data kwa herufi za kawaida), hata kama data hiyo ni tupu, kisha soma mstari wa mteja, uufumbue na uupeleke kwa `sasl_server_step`, ukirudia hivyo hadi matokeo yabadilike. Mstari wenye nyota pekee ni ombi la kusitisha, na hujibiwa kwa 501. `SASL_OK` hujibiwa kwa 235, na jina la mtumiaji lichukuliwe kutoka `SASL_USERNAME`, kamwe si kutoka katika data ghafi uliyoisoma.

Makosa ya utambulisho yajibiwe kwa 535 ileile, iwe jina halipo au nenosiri si sahihi, ili mshambuliaji asiweze kubaini majina yaliyopo. Maelezo ya `sasl_errdetail` yabaki katika kumbukumbu za seva. Muunganisho unapofungwa, ita `sasl_dispose`.