Kupiga picha Kili alfajiri bila theluji kuungua wala migomba kuzama gizani

Kama umewahi kusimama Moshi alfajiri na kamera mkononi hii shida unaijua, Kibo imeshapigwa na jua, theluji inang'aa rangi ya dhahabu, afu huku chini migomba na mahindi bado yako gizani, macho yako yanaona vyote vizuri tu ila ukibonyeza unapata kimoja, ama mlima mzuri na chini nyeusi tii, ama migomba safi na Kibo imekuwa nyeupe pee kama karatasi. Kamera yako ni nzima. Jicho linajirekebisha kila linapohama toka kivulini kwenda kwenye mwanga, kamera inachukua fremu nzima kwa kipimo kimoja.

Kabla hujanunua chochote pima kwanza. Weka upimaji wa mwanga kwenye ile nukta ndogo ya katikati, elekeza kwenye theluji usome shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, tuseme 1/500 ya sekunde, kisha shusha kwenye migomba usome tena, tuseme 1/8, apecha (uwazi wa lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) usiziguse. Sasa hesabu, 500, 250, 125, 60, 30, 15, 8, hapo zimepita stopu sita, kila stopu ni mwanga mara mbili ya uliotangulia. Zikiwa tatu au nne hangaika na RAW peke yake, yaani faili ghafi la kamera kabla halijachakatwa, inatosha kabisa. Zikifika sita na kuendelea ndo unahitaji msaada.

Na RAW sio hiari jamani. JPEG, ile picha ya kawaida kamera inayokutengenezea yenyewe, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 inazo 16,384, ndo maana ukivuta kivuli kwenye JPEG kinatoka mabaka mabaka. Kanuni yangu ni moja, okoa theluji kwanza, kwa sababu kivuli unaweza kukipandisha baadaye lakini nyeupe iliyoungua haina kitu ndani, hairudi. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, mlima wake usigande ukutani upande wa kulia.

Filta sasa. Ile ya GND, kioo cha kuweka mbele ya lenzi, juu nyeusi chini haina rangi, ya 0.6 inakata stopu mbili na ya 0.9 inakata tatu. Kwa Kili chukua yenye mpaka laini, maana mteremko wa mlima haujanyooka, mpaka mkali utakuachia mstari wa giza katikati ya msitu na kila mtu atauona. Mpaka mkali peleka ufukweni Paje, Zanzibar, pale bahari na mbingu vinakutana kwa mstari ulionyooka. Afu nunua ya pembe nne inayoteleza kwenye kishikio, zile za duara za kufunga kwa kuzungusha kwenye lenzi, mpaka wake umekaa katikati ya fremu na huwezi kuupandisha wala kuushusha, mi sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Njia ninayoipenda zaidi ni picha tatu. Tripodi, ISO 100, apecha f/8, fokasi ukishaipata zima ile ya kujitafuta yenyewe, weka AEB, ile sehemu ya kamera ya kupiga picha za mwanga tofauti mfululizo, ipige tatu kwa kupishana stopu mbili, moja ya kawaida moja ya giza moja ya mwanga, na taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kinachobadilika kiwe shata tu, ukibadilisha apecha picha hazitalingana. Nyumbani kwenye Lightroom Classic, programu ya kuediti picha, chagua zote tatu bonyeza Ctrl+H inaziunganisha, kama huna hela darktable ni ya bure na inafanya kazi hiyohiyo. Wala sio mambo mapya haya, Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa anapiga bahari kwenye negativu moja na mbingu kwenye nyingine halafu anazichapa pamoja.

Shida ni upepo. Majani ya mgomba yakicheza kati ya picha na picha unapata vivuli viwiliviwili, hapo washa ile sehemu ya programu ya kuondoa mizimu (deghost), yaani hivyo vivuli, ikishindikana rudi kwenye filta na picha moja.

Kwenye kuediti tafadhali usivute vivuli mpaka mwisho. Alfajiri ni alfajiri, chini lazima pabaki na giza kuliko mbingu, na ukiona pindo jeupe limezunguka ukingo wa mlima umezidisha, rudisha nusu.

Wa simu gusa theluji kwenye kioo kisha teremsha mwanga kwa kidole, HDR, ile ya simu kuunganisha picha za mwanga tofauti yenyewe, iache imewashwa.

Fika saa kumi na mbili kasoro uwe umeshafunga tripodi, maana ile dhahabu haikai, na mawingu yakishaanza kupanda asubuhi Kibo inafunikwa unabaki na migomba peke yake.