Kutoa gari lililokwama kwa winchi bila kuumiza mtu

Winchi, yaani mashine ya kuvutia iliyofungwa mbele ya gari, ikiandikwa kilo 4,300 huvuta uzito huo pale tu drami yake, gurudumu linalozungushiwa waya, inapobaki na tabaka la kwanza la waya. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hula nguvu. Drami ikikaribia kujaa, zinabaki theluthi mbili au chini ya hapo. Ndiyo maana mti ulio mita tano mbele hukupa mvuto dhaifu kuliko ulio mita ishirini.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Land Cruiser iliyopakia abiria na mizigo hufika tani 3. Ikizama tope hadi katikati ya magurudumu, kuivuta kunahitaji nguvu inayokaribia uzito wake wote. Tope likigusa bodi, ni kama mara mbili. Hakuna winchi ya kawaida itakayoshinda hapo, kwa hiyo kazi huanza na sepeto. Chimba mbele ya kila tairi, toa udongo uliobana difu na ekseli, weka mawe au matawi. Nusu saa ya kuchimba huokoa mota. Na ukinunua winchi, chukua yenye uwezo usiopungua mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa.

Kwa nanga, tafuta mti hai, mnene kuliko paja, uliosimama kwenye udongo mkavu. Zungushia mkanda mpana chini kabisa, karibu na ardhi, na macho yake yote mawili, yaani vitanzi vya ncha zake, yaingie kwenye pingu moja (chuma cha umbo la U kinachofungwa kwa pini). Usizungushe waya wenyewe kwenye shina na kuupachika ndoano yake: utajikata na mti utachubuka. Kwenye tambarare zisizo na miti, kama zile za kusini mwa Serengeti, fukia tairi la akiba likiwa wima kwenye shimo la kina cha mita moja, ubapa wake ukielekea gari. Mkanda upite katikati ya rimu na utokee kwenye mfereji wa mteremko, la sivyo mvuto utaling'oa tairi juu. Fukia shimo ukimaliza.

Upande wa gari, funga kwenye sehemu ya kuvutia iliyoshikwa na chesesi. Tufe la trela haliguswi kabisa: likikatika huruka kama risasi, na limeshaua watu. Pini ya pingu kaza hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko isije ikaganda.

Kapi, roda inayofungwa kwenye nanga ili waya upite humo na kurudi kwenye gari, huongeza mvuto karibu mara mbili na kupunguza mwendo kwa nusu. Pia hukulazimisha kutoa waya mwingi zaidi, jambo linaloipa drami nguvu. Lakini nanga inayoshika kapi hubeba mzigo wa pande zote mbili za waya. Pingu ya tani 4.75 inayofaa kwa mvuto wa moja kwa moja haitoshi hapo. Weka ya tani 8.5, na mkanda wa uwezo huohuo.

Bakiza mizunguko 5 ya waya wa chuma kwenye drami, au 10 kama ni kamba ya sintetiki. Skrubu inayofunga ncha ya waya kwenye drami haikutengenezwa kubeba mzigo. Kinachoshika ni msuguano wa mizunguko hiyo. Paka rangi nyekundu sehemu ya mwisho ili uione ikitokeza.

Kabla ya kuvuta, laza koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya, nyanyua boneti ilinde kioo, kisha waondoe watu. Umbali salama ni mara moja na nusu ya urefu wa waya uliotolewa. Mmoja tu ndiye anayetoa amri, na hakuna anayeruka waya, hata ukiwa umelegea.

Injini iwe inawaka. Kaza waya polepole, simamisha, kagua kila kiungo, ndipo uvute. Dereva asaidie kwa gia ya kwanza ya chini bila kuzungusha matairi ovyo. Gari likiruka mbele, waya hulegea halafu hushtuliwa, na hapo ndipo hukatika. Mota ikilemewa hunyonya zaidi ya ampea 400, kiasi ambacho altaneta haiwezi kutoa, kwa hiyo betri ndiyo inayolipa. Vuta kwa dakika moja, pumzisha. Waya ukijazana upande mmoja wa drami, simama uutoe na kuupanga upya.

Ukimaliza, rudisha waya ukiwa na mkazo kidogo, umevaa glovu za ngozi, mkono usikaribie mdomo wa winchi, pale waya unapoingilia, chini ya mita moja. Usiuache uteleze kiganjani. Nyuzi zilizokatika hupenya ngozi ya glovu. Kamba ya sintetiki ioshwe tope, kwa sababu mchanga huikata kutoka ndani. Waya wenye mkunjo mkali au nyuzi zilizokatika hubadilishwa wote, haufungwi fundo.