Kuchagua difu ya gari la otomatiki kwa barabara ya Lubumbashi na Likasi

Katika gereji za Kamalondo na Katuba hapa Lubumbashi, mwenye gari anayelalamika kwamba gari lake ni zito kuondoka huambiwa mara nyingi atafute pon fupi, yaani difu yenye uwiano mkubwa zaidi. Ushauri huo si wa uongo, lakini una asili yake katika magari ya gia za mkono, na anayeufuata kwa gari la otomatiki bila kupiga hesabu huenda akalipa fedha nyingi kwa ajili ya kitu ambacho gari lake lilikuwa nacho tayari. Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye gari la mbio la magurudumu ya nyuma, lenye giaboksi ya otomatiki, ambaye hulitumia mjini siku za kazi na kulifungulia njia ya Likasi au Kasumbalesa mwishoni mwa juma.

Difu, ambayo kwetu tunaiita pon, ina gia mbili kuu, yaani pinioni inayozungushwa na propela (shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi) na krauni inayozungusha magurudumu, na uwiano wake hupatikana kwa kugawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 11 tunapata 3.73, pinioni ikiwa na meno 10 tunapata 4.10, na krauni ya meno 43 kwa pinioni ya meno 10 hutoa 4.30. Kadiri namba inavyopanda ndivyo pon inavyoitwa fupi, kwa sababu injini huzunguka mara nyingi zaidi katika mwendo uleule wa gari, na msukumo unaofika kwenye magurudumu huongezeka kwa kiasi hichohicho. Kutoka 3.73 kwenda 4.10 ni nyongeza ya asilimia 10 hivi, na kwenda 4.30 ni asilimia 15. Nguvu za injini zenyewe haziongezeki hata kidogo.

Sasa, gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, ambayo hupitisha nguvu kwa njia ya mafuta, na gari linapoanza kuondoka konveta huweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha hadi karibu mara mbili kabla ya gia yoyote kufanya kazi yake. Ndiyo maana gari la otomatiki lenye difu ya 3.73 huondoka kana kwamba lina difu fupi kuliko hiyo, na ndiyo maana dereva anayefunga pon fupi sana huishia kuona magurudumu yakiteleza kwenye vumbi la barabara huku gia ya kwanza ikiisha kabla hajafaidi chochote. Ikiwa ugonjwa wa gari lako ni wa mita 20 za kwanza tu, chunguza kwanza konveta: yenye kasi ya mkwamo (mizunguko ambayo injini hufikia gari likiwa limezuiwa lisiondoke) iliyo juu zaidi huiruhusu injini ifike kwenye mizunguko yenye nguvu mapema, ingawa huzalisha joto na hudai kipozeo kizuri cha mafuta ya giaboksi. Kwa jua la Oktoba la huku kwetu, kipozeo hicho si cha hiari.

Hesabu inayotakiwa inaweza kufanywa kwenye karatasi. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi limalize mzunguko mmoja, kisha pima umbali. Tairi la 225/45R17 lina kipenyo cha milimita 634, na mzingo wake ni karibu mita 2, ingawa chini ya uzito wa gari utapima pungufu kidogo. Kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika, kwa hiyo tairi hilo huzunguka mara 836 hivi kwa dakika. Zidisha namba hiyo kwa uwiano wa gia unayotumia, halafu kwa uwiano wa difu, na utapata mizunguko ya injini. Konveta isipokuwa imefungwa na klachi yake ya ndani, ongeza asilimia chache kwa ajili ya utelezi wa mafuta.

Tuchukue giaboksi ya Toyota aina ya A340E, yenye gia nne za 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705. Kwa kilomita 100 kwa saa katika gia ya nne, difu ya 3.73 huifanya injini izunguke mara 2,200, ya 4.10 mara 2,420, na ya 4.30 mara 2,530. Hakuna hata moja kati ya hizo inayochosha sikio. Lakini ifunge hiyo 4.30 kwenye gari la zamani lenye giaboksi ya gia tatu, ambamo gia ya juu ni 1.000, na injini itakuwa ikizunguka karibu mara 3,600 kabla hata ya kuhesabu utelezi wa konveta. Safari ya kilomita 120 kwenda Likasi kwa mlio huo ni adhabu, na mafuta utayaona yakishuka. Kwa hiyo difu haichaguliwi peke yake. Anayekuuzia kwa kusema kwamba 4.30 ni nzuri, bila kukuuliza gia ya juu ya gari lako ni ipi, anakuuzia chuma tu.

Kwangu mimi, kipimo kinachofaa zaidi ni lori. Barabara ya N1, ndiyo hiyo ya Likasi na Kasumbalesa, hujaa malori ya shaba na ya asidi yanayokwenda kilomita 60 kwa saa au chini ya hapo, na mahali pa kuyapita ni pachache na pafupi. Dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, giaboksi hurudi gia ya pili, na anachohitaji ni kutoka 60 hadi 100 bila gia kubadilika katikati. Kwa 3.73, gia ya pili humkuta injini ikiwa kwenye mizunguko 2,860, ambapo baadhi ya injini ndogo zenye turbo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini) ndiyo kwanza zinaamka. Kwa 4.10 anaanza kwenye 3,150 na kumaliza kwenye 5,250. Kwa 4.30 anamaliza kwenye 5,500. Hizo zote zinafaa kwa injini inayobadilisha gia kwenye 6,000. Ukienda hadi 4.56, unafika 5,840, na ukiongeza utelezi wa konveta umegusa mpaka, ukifunga 4.88, namba inavuka 6,200, maana yake giaboksi itapanda gia ya tatu wakati bampa yako iko sambamba na kichwa cha lori, na msukumo utapungua kwa zaidi ya theluthi moja pale unapouhitaji kuliko mahali pengine popote. Gari hilohilo litasifiwa sana kwenye taa za mjini. Piga hesabu hii kwa gia za gari lako na kwa kikomo cha injini yako, kabla ya kusikiliza sifa za mtu yeyote.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niegemee 4.10 kwa injini isiyo na turbo. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi. Gari lililopangwa kiwandani kwa miji ya pwani hufika kwetu likiwa limepungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi, na badiliko la kutoka 3.73 hadi 4.10 hurudisha karibu kiasi hicho cha msukumo katika kila gia, ingawa kasi ya mwisho ya gari haitarudi kwa njia hiyo. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma, walio karibu na mita 1,500 na wenye miinuko kila upande, wana haki ya kwenda mbele kidogo zaidi. Mwenye turbo hasumbuliwi sana na jambo hili, kwa sababu turbo hulipa sehemu kubwa ya upungufu huo, na mara nyingi difu ya kiwandani humtosha.

Usisahau matairi. Wengi wetu, kwa kuogopa mashimo, hufunga matairi marefu zaidi bila kujua kwamba wamebadilisha difu. Tairi la 215/60R16 lina kipenyo cha milimita 664, kwa hiyo difu ya 4.10 chini yake hufanya kazi kana kwamba ni 3.91 kwenye lile tairi la kwanza. Chagua tairi kwanza.

Wenye magari mapya zaidi wasiharakishe. Giaboksi ya ZF ya gia nane, ya aina ya 8HP, iliyoanza kutumika kwenye BMW mwaka 2009, ina gia ya kwanza ya 4.714 na ya nane ya 0.667. Ikiwa na difu ya 3.15 tu, gia ya kwanza huzidisha kwa jumla mara 14.8, ili A340E ifikie hapo ingehitaji difu ya 5.30. Isitoshe, kompyuta ya gari kama hilo hulinganisha kasi ya magurudumu na ya shafti ya giaboksi, na ikiona hailingani itawasha taa na kulegeza nguvu. Hapo fedha zako zina kazi nyingine.

Kabla ya kununua difu iliyotumika, hesabu mwenyewe. Mimi niliwahi kulipia difu iliyoandikwa 4.10 kwa rangi nyeupe, na baada ya siku mbili za kazi nikagundua kwamba ni 3.73 kama ile niliyoitoa. Tia alama kwenye flanji ya propela (sahani ya pinioni ambapo propela hufungwa), shika ekseli moja isizunguke, zungusha nyingine mizunguko miwili kamili, na hesabu flanji imezunguka mara ngapi: mara nne na sehemu ya kumi ni 4.10, na pungufu kidogo ya mara tatu na robo tatu ni 3.73. Ikiwa ni difu ya kuzuia utelezi, ekseli zote mbili zitazunguka pamoja, na mzunguko mmoja hutosha. Njia isiyo na ubishi ni kufungua na kuhesabu meno.

Nakushauri ununue kichwa cha difu kizima, krauni na pinioni zikiwa zimezoeana, kuliko kuoanisha vipande. Ukilazimika kufunga gia mpya, fundi awe na saa ya kupimia mwanya, kwa sababu magari mengi ya Toyota hutaka mwanya kati ya meno uwe milimita 0.13 hadi 0.18, na jicho halioni kiasi hicho. Apake rangi kwenye meno na kutazama alama ya mgusano, ambayo inapaswa kukaa katikati ya jino, wala si kwenye ncha au kwenye shina. Bushi ya kubonyea iliyo nyuma ya beringi ya pinioni isitumiwe mara ya pili. Mafuta yawe ya daraja la GL-5, na difu ya kuzuia utelezi yenye klachi ipewe mafuta yake maalumu.

Kwenye A340E, spidomita husoma shafti ya kutokea ya giaboksi, kwa hiyo baada ya kutoka 3.73 kwenda 4.10 itadanganya kwa kuzidisha asilimia 10: mshale ukionyesha 110, wewe uko 100. Sahihisha kwa kubadilisha gia ndogo ya spidomita kama gari lako linayo, au kwa kifaa cha kurekebisha ishara ya umeme.

Safari ya kwanza isizidi kilomita 25, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha acha difu ipoe kabisa, na urudie hivyo mara kadhaa. Baada ya kilomita 500 mwaga mafuta na utazame sumaku ya kizibo: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyochoma kidole, gari lisitoke gerejini mpaka difu ifunguliwe tena.