SOMO: Kufunga modemu ya simu kwenye AUX (mlango wa ziada wa serial) ya ruta ya Cisco, uingie hata mtandao ukiwa umekufa

Wakuu, heshima kwenu. Swali ni lile lile kila wiki: "Tawi limekatika, ruta iko mkoani, naingiaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa. Ukiuliza kitu ambacho kimo ndani ya somo, nitakutajia namba ya hatua tu.

Kwa nini modemu wakati kila mtu ana faiba? Kwa sababu njia ya uokozi haitakiwi kutegemea kile inachokuja kukiokoa. Kama VPN yako inapita kwenye ruta ile ile uliyoiharibu kwa amri moja, umebaki na basi la kwenda Bukoba. Laini ya shaba ina njia yake, na umeme wake unatoka kituo cha simu. Kasi isikutishe. Kwa biti 9600 kwa sekunde zinapita herufi kama 960 kwa sekunde, yaani skrini ya herufi 80 kwa mistari 24 inajaa kwa sekunde 2. Na usilipie zaidi eti kwa sababu ya 56K: modemu mbili za analogi zikipigiana hazivuki 33.6K.

Vifaa: modemu ya nje ya serial (natumia USRobotics Courier), kebo bapa ya konsoli ambayo pini zake zimegeuzwa, 1 kwenda 8, 2 kwenda 7 hadi mwisho, adapta ya RJ-45 kwenda DB-25, laini ya simu, na kinga ya radi.

Hatua ya 1. Jaribu laini kwa simu ya mezani. Ikiwa na mikwaruzo, irekebishwe kwanza.

Hatua ya 2. Unganisha AUX na modemu. Adapta iwe ile iliyoandikwa MODEM. Ya TERMINAL haifai, pini zake ni tofauti.

Hatua ya 3. Andika `show line` uone namba ya AUX. Kwenye ruta za 2500 ni 1, kwenye za 2600 ni 65. Ongeza 2000, utaitumia hatua ya 5.

Hatua ya 4. Kwenye ruta:

```
username dharura secret NYWILA_YAKO 
aaa authentication login DHARURA local
line aux 0
 login authentication DHARURA
 modem InOut
 transport input telnet
 speed 38400
 stopbits 1
 flowcontrol hardware
 exec-timeout 5 0
```

Kama hutumii AAA (mfumo wa ruta wa kuhakiki watumiaji), weka `login local` na uache mistari miwili yenye DHARURA. Kama ofisini mnatumia TACACS+ (seva ya kuhakiki watumiaji), laini hii isiiguse kabisa. Seva iko upande wa pili wa mtandao uliokufa, nani atakujibu?

Hatua ya 5. Ukiwa ndani ya ruta: `telnet 10.1.1.1 2065` (weka IP yako na namba yako). Andika AT, modemu ijibu OK. Kutoka ni Ctrl-Shift-6 kisha x, halafu `disconnect`.

Hatua ya 6. Hapa ndipo kazi ilipo, someni taratibu. Andika kwa mpangilio huu:

```
AT&F1
ATS0=2
AT&C1&D2
ATE0Q1&W
```

&F1 kwenye Courier inarudisha mipangilio ya kiwandani yenye udhibiti wa mtiririko wa kifaa (hardware). S0=2 inapokea simu baada ya milio miwili.

&C1 na &D2 ndizo roho ya somo hili. &C1 inaifanya modemu iiambie ruta ukweli kama kuna mtu hewani au hakuna. &D2 inaifanya ikate simu ruta ikishusha DTR (ishara yake ya kuwa tayari). Zikikosekana, au `modem InOut` ikikosekana, ruta haijui mpigaji ameondoka. Niliwahi kuitwa kukagua tawi la taasisi moja. Nikapiga namba, modemu ikapokea, nikabonyeza Enter mara moja na ruta ikanijibu kwa alama ya #. Haikuuliza jina wala nywila. Aliyepiga kabla yangu simu ilimkatikia akiwa ndani ya enable (ngazi ya msimamizi), kikao kikabaki wazi, na mtu alikuwa ameweka `exec-timeout 0 0` (kikao kisijifunge kamwe) ili asisumbuliwe kuingia upya. Yeyote ambaye angekosea namba akiwa na modemu angeikuta ruta nzima mkononi mwake. Msiweke 0 0 kwenye AUX, hata kwa majaribio.

E0Q1 inainyamazisha modemu: isirudishe mwangwi wala isiseme RING na CONNECT. Isipokuwepo, modemu inasema RING, ruta inadhani ni mtu anaandika, inajibu "Username:", modemu inarudisha maneno hayo hayo, ruta inayachukua kama jina. Vinaongea vyenyewe na laini inaonekana ina mtu saa zote. Iwe ya mwisho, pamoja na &W (kuhifadhi), kwa sababu ukishaiandika hutaona OK tena. Kuirudisha sauti ni ATE1Q0.

Courier ina swichi ndogo chini yake na zina usemi inapowashwa. Kwa hiyo baada ya &W zima modemu, iwashe, ndipo ujaribu.

Hatua ya 7. Piga kutoka nje, ingia, kisha chomoa waya wa simu upande wako bila kuaga. Piga tena. Usipoombwa jina upya, rudi hatua ya 6. Pale ruta, `show line 65` iandike Modem state: Idle wakati hakuna mtu.

Hatua ya 8. Modemu ikae kwenye UPS moja na ruta.

MASWALI

Kebo_Fupi: Mkuu nimefuata kila kitu ila ikishika naona herufi za ajabu ajabu. Msaada wa haraka.

Jibu: Hatua ya 4, `speed` na `stopbits`. AUX huja na stopbits 2.

Kebo_Fupi: Sasa inasema Connection refused by remote host. Hili somo umelijaribu kweli?

Jibu: Nimelijaribu, na linafanya kazi kwenye ruta zilizoko makabatini hadi leo. Ujumbe huo maana yake laini ina mtu au inajidhania ina mtu. `clear line 65`, kisha jaribu tena. Ukirudia mara ya pili, hukuandika E0Q1.

Mama_Ruta: Asante kwa somo. Swali: kwa nini tusichomeke modemu kwenye konsoli? Siku nywila ikipotea, AUX itanisaidia?

Jibu: Swali zuri sana dada. AUX haitakusaidia. Inaamka IOS (mfumo endeshi wa ruta) ikishawaka, na ruta ikiwa kwenye ROMMON (hali ya kabla ya IOS kuwaka) inakaa kimya, kwa hiyo kurejesha nywila ni konsoli tu. Lakini konsoli za ruta hizi hazina ishara za modemu. Simu ikikatika, kikao hakifungwi, yaani ile hatari ya hatua ya 6. Ukilazimika, weka `exec-timeout` fupi, unganisha modemu na kompyuta kwa 9600 kabla ya kuhifadhi na &W ili isibadilishe kasi, na E0Q1 iwepo. Na bado utahitaji mtu wa kuzima na kuwasha ruta pale ilipo. Pendekezo langu: kama una ruta kuukuu ya 2511, iweke kabatini. Ina laini 16. Modemu kwenye AUX yake, kebo zake za pweza (moja yenye vichwa vinane) kwenye konsoli za vifaa vingine vyote. Hapo unaingia kwa laini moja ya simu na kufika hadi kwenye swichi, ambazo nyingi AUX hazina kabisa.

Mama_Ruta: Na TACACS+ kwenye upande wa ruhusa? Nimeingia kwa dharura ila inagoma kunipa amri.

Jibu: Umegusa kitu nilichopaswa kukiandika juu. Weka `if-authenticated` mwishoni mwa mstari wa `aaa authorization`, na neno `enable` mwishoni mwa ule wa `aaa authentication enable`. Seva isipojibu, ruta itajitegemea.

Mzee_wa_Faiba: Laini yetu ya simu inatoka kwenye kisanduku cha faiba. Modemu inalia tu, haishiki.

Jibu: Sauti inabanwa njiani. G.729 (njia ya kubana sauti) imetengenezwa kwa maneno ya watu, milio ya modemu inaiharibu. Omba G.711 (isiyobana hivyo), kunyamazisha ukimya (silence suppression) kuzimwe, na ishushe modemu iende 9600 tu (kwenye Courier ni AT&N6). Itashika. Ila jiulize: faiba ikikatika, simu yako itapita wapi?

Chipukizi_IT: Je, laini ya SIM?

Jibu: Modemu za GSM ziliweza kupiga simu ya data ya 9600, lakini ni lazima mtoa huduma akufungulie. Leo tumia kifaa cha 4G chenye serial. Mitandao mingi inakupa anwani ya ndani isiyofikika kutoka nje, kwa hiyo kifaa ndicho kianzishe VPN kuja kwako. Na SIM iwe ya kampuni tofauti na ile inayokupa intaneti ya tawi.

Dagaa_Musoma: Naongezea kuhusu radi maana huku ziwani zinapiga kweli. Kinga ya laini ya simu bila ardhi ni pambo. Waya wake wa ardhi uwe mfupi, na ufungwe sehemu moja na ardhi ya kabati. Ukiuchimbia fimbo yake peke yake nje, radi ikishuka tofauti ya volti inapita kwenye kebo ya AUX.

Jibu: Sahihi kabisa mkuu, na ndiyo sababu kinga niliiweka kwenye orodha ya vifaa. Kama una picha ya ulivyofunga yako, iweke hapa.