Raifali na Karabini za Pampu za Zamani: Namna ya Kuzipima Mkononi

Anayetaka kuchagua kati ya raifali na karabini (raifali yenye mtutu mfupi) miongoni mwa bunduki za pampu za kuwindia zilizotengenezwa na Remington nchini Marekani karne iliyopita asianze na futi, bali aanze na mkono wake wa kushoto, kwa maana ndio unaobeba uzito wa mtutu na ndio huohuo unaovuta kishikio cha mbele ili ganda litoke na risasi nyingine iingie.

Kwanza elekeza mtutu mahali salama, ondoa risasi zote, fungua pampu, kisha itazame chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa) na kuipapasa kwa kidole. Model 14 na Model 141 zadai uangalifu zaidi, kwa kuwa risasi zake hukaa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na moja iliyosahaulika humo haionekani kwa urahisi.

Chukua Model 760, iliyotengenezwa kuanzia 1952 hadi 1981. Mtutu wa raifali una inchi 22 na wa karabini inchi 18.5, yaani tofauti ya sentimita 9 hivi, ambayo mezani ni ndogo lakini begani si ndogo hata kidogo. Fumba macho, pandisha kila moja begani, kisha fumbua uone mtutu umeelekea wapi: karabini huwahi kufika, lakini ni rahisi ikapitiliza, raifali huchelewa kidogo, kisha hutulia.

Sasa tia risasi bandia na uvute pampu bila kuishusha bunduki begani, ukivuta hadi mwisho na kusukuma hadi mwisho, kwa sababu anayeishia nusu ya njia hukwamisha ganda. Mdomo wa karabini, kwa wepesi wake, hurukaruka kila unapovuta. Katika Model 14 kuna jambo la ziada: bomba la risasi husogea pamoja na kishikio, hivyo likijaa mkono husukuma uzito mkubwa kuliko likibaki na risasi moja. (Bomba hilo limepindwa kama parafujo ili ncha ya risasi isigonge fataki (kiwasha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) ya iliyo mbele yake.)

Kwa alama za kulengea za chuma, karabini haisamehe, kwani umbali kati ya alama mbili ni mfupi na kosa dogo la jicho huwa kubwa penye shabaha. Ukifunga darubini, tofauti hiyo huisha. Kishindo cha karabini, hasa kwa risasi za aina ya .30-06, ni kikali zaidi, basi ziba masikio.

Unaponunua karabini, pima mtutu na ukague mdomo wake, maana baadhi ni raifali zilizokatwa kwa msumeno.