Fidla kuukuu: soma mbao kabla ya karatasi

Ukirithi fidla kuukuu, ukachungulia tunduni ukaona karatasi ya "Antonius Stradivarius Cremonensis", yaani jina la Stradivari, fundi fidla mashuhuri wa Cremona, Italia, tulia kwanza. Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye maelfu ya fidla za viwandani huko Mittenwald na Markneukirchen, Ujerumani, na Mirecourt, Ufaransa. Hapa Kihesa, Iringa, huwa naletewa za namna hiyo kutoka Mafinga na Njombe, nyingi zikiwa za wanakwaya. Ikiandikwa pia "Germany", karibu hakika ni ya 1891 au baadaye, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za kigeni zitaje zilikotoka.

Kazi za ujanani za Stradivari ndizo zinazosumbua zaidi. Karatasi yake ya 1666 inamtaja kuwa mwanafunzi wa Nicolò Amati, fundi fidla mwingine wa Cremona, na mpaka karibu 1690 fidla zake zinafuata sana mtindo wa Amati. Kwa hiyo mimi huanza na mbao.

Shika tochi na kioo kidogo cha daktari wa meno. Kagua mstari mweusi unaozunguka ukingo: kwenye kazi nzuri ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa, kwenye nyingi za bei rahisi umechorwa tu. Kisha tafuta kiungo chini ya kichwa kilichojisokota. Fidla za kabla ya 1800 karibu zote zilibadilishwa shingo, kichwa cha awali kikabaki. Viwanda navyo viliiga kiungo hicho, basi kisikutoshe peke yake.

Tafadhali, usiguse msasa wala vanishi mpya! Vanishi ya mtengenezaji ikishaondoka hairudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu. Nyuzi badili mmoja mmoja, maana kijiti kilichosimama ndani hakina gundi, kinashikiliwa na mkandamizo tu. Ukilegeza zote kinaweza kuanguka. Palipoachia, dai gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo fundi mwingine ataweza kuifungua. Gundi nyeupe ya seremala ibaki kwenye makabati.

Kiangazi chetu hukausha mbao mpaka zinapasuka, kwa hiyo baridi ya Julai isikufanye uiweke karibu na jiko la mkaa. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unaifaa.

Ukibaki na shaka, ipige picha mbele, nyuma, ubavuni na kichwani, umtumie mtaalamu. Pete za mti kwenye kibao cha mbele zinaweza kuonyesha mwaka ambao mti ulikuwa bado unakua, na fidla haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.